Mdogo wangu fundi wa boti amekamatwa na injini ya wizi. Kesi itapita wapi?

Habari za kazi, washauri wetu.

Mimi ni mkazi wa Ujiji. Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa injini za boti, ana banda lake Kibirizi jirani na mwalo. Alhamisi iliyopita saa kumi jioni polisi walifika bandani wakiwa na mwenye boti mmoja, wakakuta injini ambayo huyo bwana anasema aliibiwa wiki mbili nyuma. Mdogo wangu aliwaambia kwamba injini aliletewa na mteja airekebishe gia, akatumiwa nusu ya fedha kwa simu, na mteja hajarudi kuichukua. Hawakumwelewa. Wakaondoka naye, na injini, na simu yake.

Alilala kituoni. Ijumaa saa nne asubuhi ndipo alipotolewa mahabusu, akahojiwa, akaandikiwa maelezo akayasaini. Hakupigwa, ila aliambiwa asiposaini hatoki leo wala kesho, na hakusomewa kilichoandikwa. Leo ni Jumanne, bado yuko ndani. Nikiuliza najibiwa "jalada liko kwa wakili wa Serikali." Nje ya kituo kuna kijana amenifuata mara mbili akitaka laki moja na nusu, eti ya dhamana na karatasi.

Nyumba yetu ni ya urithi, haina hati. Jirani anashauri mdogo wangu akiri siku ya kwanza apigwe faini yaishe. Mjomba naye anataka twende kwa mwenye injini tukamwangukie aifute kesi. Mama ana presha na kila siku ananiuliza mwanawe anarudi lini, sina la kumjibu. Naomba mnieleze kesi ya namna hii inapita wapi mpaka hukumu, na mimi nisimame wapi.

Dada mwenye mashaka, Ujiji

---

Dada yetu wa Ujiji, pole sana wewe, mama na huyo kijana aliye ndani. Huenda ukisoma haya ameshapandishwa kizimbani, kwa hiyo tutakwenda nawe mpaka mwisho wa njia. Tutakaa zaidi kwenye hatua za mwanzo, kwa sababu kesi nyingi za aina hii huharibikia hapo, familia ikiwa bado inahangaika kutafuta mtu wa kumjua.

Tuanze na fedha. Dhamana haiuzwi, iwe ya polisi au ya mahakama. Malipo halali ya Serikali yana namba ya malipo na risiti. Kijana wa nje ya kituo hana hata kimoja, na ukimpa atarudi kesho na sababu nyingine. Usimpe kitu. Akiendelea kukusumbua, piga TAKUKURU namba 113, haina gharama.

Sasa hilo jalada. Mtu akikamatwa bila hati ya kumkamata, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ikishindikana, na kosa si zito, mkuu wa kituo anatakiwa kumwachia kwa dhamana ya polisi, kwa kusaini bondi kwamba ataripoti siku fulani. Kwa makosa mengi, marekebisho ya mwaka 2022 yanakataza shauri kufunguliwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Kwa maoni yetu ni sheria nzuri, kwa sababu zamani watu walikaa rumande miezi huku "upelelezi ukiendelea". Lakini mahali pengine imegeuzwa kisingizio cha kumweka mtu kituoni siku nyingi. Haikuwekwa kwa ajili hiyo. Upelelezi ukiwa haujakamilika, mtuhumiwa wa kosa lenye dhamana anapaswa kusubiri akiwa nyumbani.

Kwa hiyo ukirudi kituoni usiulize "anatoka lini". Uliza namba ya jalada, kosa lililoandikwa, jina la mpelelezi, na tarehe jalada lilipopelekwa ofisi ya mashtaka. Andika majibu kwenye daftari, na tarehe na saa uliyoambiwa. Kisha mwombe mkuu wa kituo dhamana ya polisi kwa barua fupi yenye nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Akikataa, panda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Ikishindikana kote, wakili anaweza kupeleka maombi Mahakama Kuu, ambayo ina masjala hapo Kigoma, ili iamriwe mdogo wako afikishwe mahakamani au aachiwe. Mara nyingi barua yenye muhuri inatosha kulisogeza jambo, kwa kuwa kuanzia hapo kuna mtu atakayeulizwa.

Ofisi ya mashtaka ikipokea jalada, wakili wa Serikali analisoma na kuamua mojawapo ya mambo matatu: kuandaa hati ya mashtaka, kulirudisha polisi na maelekezo ya nini kiongezwe, au kulifunga kwa kukosa ushahidi. Hapa familia ina kazi ya kufanya. Kama kuna ushahidi unaomsaidia mdogo wako na mpelelezi hajauchukua, upelekeni sasa. Kwa fundi, tunazungumzia daftari la wateja, namba ya simu ya aliyeleta injini, taarifa ya muamala wa ile nusu ya malipo, na watu wa banda la jirani walioiona injini ikishushwa. Simu imeshikwa na polisi, lakini muamala hauko kwenye simu peke yake. Taarifa yake inapatikana kwa kampuni ya simu kwa ombi la mwenye laini au kwa amri ya mahakama. Daftari lenyewe piga picha kila ukurasa kabla hujamkabidhi mtu yeyote, na ukilikabidhi udai hati ya kupokea.

Tukija kwenye maelezo aliyosaini, hapo ndipo barua yako ilipotushtua. Yanaitwa maelezo ya onyo. Sheria inawapa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa, zikihesabiwa tangu aliposhikwa. Muda wa safari kwenda kituoni, wa kupata matibabu, au wa kumsubiri wakili au ndugu aliyeomba awepo, hauhesabiwi. Wakihitaji zaidi, wanaweza kuongeza hadi saa nane, lakini nyongeza hiyo ifanywe kabla ya zile nne kwisha na mwenyewe ajulishwe. Zaidi ya hapo ni kwa hakimu. Mdogo wako alishikwa saa kumi jioni akaandikiwa maelezo saa nne asubuhi ya siku iliyofuata. Ni saa kumi na nane. Kama hakuna nyongeza iliyofuata taratibu, hiyo ni hoja nzito ya kuomba maelezo hayo yasipokelewe.

Nakala ikipatikana, iangalieni kwa utulivu. Juu kabisa pawe na tarehe na saa ya kuanza. Chini yake pawe na onyo: kwamba halazimiki kusema neno, kwamba atakalosema linaweza kutumika kama ushahidi, na kwamba ana haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa kuhojiwa. Onyo hilo lina saini yake ya peke yake na jibu lake, kama alitaka mtu awepo au hakutaka. Mwishoni kuna uthibitisho kwamba amesomewa, ameona ni sahihi na alipewa nafasi ya kurekebisha, kisha saa ya kumaliza. Saini ya kijana ikiwepo kila ukurasa lakini pale chini ya onyo pako wazi, au saa ya kumaliza haikuandikwa, mwekee wakili alama hapo.

Jambo hili lina wakati wake, na mshtakiwa asiye na wakili huukosa karibu kila mara. Pingamizi linatolewa dakika ile shahidi wa polisi anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo. Hakimu atamgeukia mshtakiwa na kumuuliza kama ana pingamizi. Asimame aseme: ndiyo, sikutoa kwa hiari, nilitishiwa, sikusomewa, na muda wa sheria ulikuwa umepita. Akidai hakuyatoa kwa hiari, mahakama inasimamisha kesi kubwa na kufanya uchunguzi mdogo kuhusu maelezo hayo tu, pande zote zikisikilizwa. Akijibu "sina pingamizi" kwa woga, kisha kwenye utetezi akalalamika kwamba alitishwa, atakuwa amechelewa. Mwambie hilo kila unapomtembelea mpaka alishike. Na kwa msomaji ambaye ndugu yake alipigwa: aseme siku ya kwanza mbele ya hakimu, aonyeshe majeraha, iandikwe kwenye mwenendo wa shauri, na aombe kupelekwa hospitali kwa fomu ya PF3.

Siku ya kwanza mahakamani atasomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli. Ushauri wa jirani yako ni wa hatari. Akikiri, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, kwamba aliipokea injini akijua ni ya wizi, na anaulizwa tena kama hayo yote ni kweli. Akikubali, anatiwa hatiani palepale. Hakuna aliyemhakikishia faini, hakimu anaweza kumpeleka jela, na rufaa yake kwa kawaida itabaki kwenye adhabu tu. Akijibu "ni kweli nilikuwa nayo lakini sikujua kama ni ya wizi", huko si kukiri, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Kama kweli hakujua, jibu lake ni fupi: si kweli. Tangu mwaka 2019 kuna utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa, lakini yale huandikwa na kusajiliwa mahakamani baada ya mazungumzo na upande wa mashtaka, na asiyaingie bila wakili.

Akishakana, linakuja suala la dhamana. Kosa la wizi au la kupokea mali ya wizi lina dhamana, tofauti na mauaji, uhaini au unyang'anyi wa kutumia silaha. Masharti huwekwa na hakimu. Yaliyozoeleka ni wadhamini wawili wa kuaminika, kila mmoja na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, kitambulisho cha NIDA na nakala yake, picha ndogo, na kusaini bondi ya kiasi fulani cha fedha. Kusaini bondi ya milioni mbili si kulipa milioni mbili. Ni kuahidi kwamba mshtakiwa akitoroka utazilipa. Mdhamini aelewe hivyo kabla hajashika kalamu.

Kukosa hati ya nyumba kusikukatishe tamaa, kwa kuwa si kila hakimu anaitaka. Mtumishi wa umma mwenye barua ya mwajiri na kitambulisho cha kazi hukubalika mahali pengi, hivyo mwalimu au muuguzi wa ukoo wenu anafaa kuliko tajiri asiye na karatasi. Hakimu akitaja hati, mdogo wako aseme hapohapo kwamba familia inaishi kwenye eneo lisilopimwa na aombe sharti libadilishwe. Akikataliwa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kulegeza masharti.

Kinachoangusha watu hapa ni saa. Barua ya mtendaji iwe mkononi jana yake, yenye muhuri, picha ya mdhamini, na jina lililoandikwa kama lilivyo kwenye NIDA, herufi kwa herufi. Wadhamini wawe mahakamani saa mbili asubuhi. Uhakiki usipokamilika siku hiyo, gari la magereza litamchukua mpaka rumande, kwa Kigoma mjini mara nyingi ni Bangwe. Kuanzia hapo itabidi mahakama itoe amri ya kumrudisha ili dhamana ikamilishwe, na siku kadhaa zinapotea kwa sababu ya picha moja.

Baada ya hapo kesi itapangiwa tarehe. Angalia neno linalotumika: "kutajwa" ni kuja kupanga tarehe nyingine, "kusikilizwa" ni siku ya mashahidi. Zote mbili ni lazima afike, maana akikosa hata ya kutajwa hati ya kumkamata hutolewa na wadhamini huitwa kujieleza. Aliye rumande haahirishiwi zaidi ya siku 15 kwa mara moja, aliye nje si zaidi ya 30. Wakati huu muombe hakimu nakala ya maelezo ya mlalamikaji. Ni haki ya mshtakiwa, lakini wasioomba mara nyingi hawapewi.

Halafu kuna usikilizwaji wa awali. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kesi na mshtakiwa anaulizwa ni yapi hayabishaniwi. Atakayoyakubali hayatahitaji shahidi tena. Jina lake, kazi yake na kukutwa na injini akubali, asipoteze heshima kwa kukana kilichoonwa na watu kumi. Kwamba injini ni ya mlalamikaji na kwamba alijua imeibwa, hayo ayakatae.

Kwa sababu kesi yenu itasimama hapo. Upande wa mashtaka utasema mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, yeye ndiye mwizi au mpokeaji. Kanuni hiyo ipo, lakini ina masharti: mali ikutwe kwake, iwe imeibwa karibuni, iwe ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka, na mlalamikaji aithibitishe bila shaka kuwa ni yake. Injini za boti za aina moja zinafanana kama samaki wa wavu mmoja, kinachozitenganisha ni namba iliyogongwa kwenye bamba dogo la chuma, au kovu ambalo mwenyewe analijua. Mlalamikaji alipaswa kuitaja namba au alama hizo kabla ya kuonyeshwa injini. Akija mahakamani akasema "naijua, ni ya bluu", aulizwe: namba yake ni ngapi? Risiti ya kununulia iko wapi? Siku unaripoti wizi polisi uliitaja namba hiyo? Angalieni pia hati ya kukamata mali iliyosainiwa bandani: namba iliyoandikwa mle inalingana na ya injini iliyoletwa mahakamani, na ile ya kwenye hati ya mashtaka? Shahidi gani huru alisaini? Tarakimu moja ikitofautiana, upande wa mashtaka una kazi ya kueleza.

Nao wakithibitisha yote, bado mshtakiwa anaweza kutoa maelezo yenye mantiki ya namna alivyoipata. Hatakiwi kuthibitisha kwamba hana hatia. Inatosha maelezo yake yatie shaka ya msingi. Ila asiyafiche mpaka siku ya utetezi. Habari ya mteja, gia na malipo ya simu aiulize kwa mashahidi wa mashtaka: "Nilipokukabidhi injini nilikuambia nani ameileta, ni kweli au si kweli?" Jambo muhimu ambalo shahidi hakuulizwa huchukuliwa kwamba limekubaliwa.

Mashahidi wa mashtaka wakiisha, mahakama inaamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwa hakuna, anaachiwa huru. Ikiwa ipo, anajitetea, anaita mashahidi wake, kisha hukumu. Akitiwa hatiani, kwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kusudio la kukata rufaa litolewe ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu ukiondolewa kwenye hesabu. Kesi ikiwa ya mahakama ya mwanzo, rufaa huenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30.

Huenda wakili hamna uwezo naye. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu ndiye wa kumuuliza watoa huduma waliosajiliwa. Msaidizi wa kisheria atakusaidia barua na ushauri bure, ila hawezi kusimama mahakamani kama wakili. Jihadharini na vishoka wa kwenye korido za mahakama. Anayejiita wakili na hawezi kukutajia namba yake kwenye orodha ya mawakili, msimpe hata nauli.

Mwisho ni mpango wa mjomba. Kesi ya jinai si ya mlalamikaji, ni ya Jamhuri, kwa hiyo mwenye injini hana uwezo wa kuifuta. Anachoweza ni kuandika barua kwa ofisi ya mashtaka kwamba amepata mali yake na hana haja ya kuendelea, na wao ndio waamue. Mahakama nayo inaruhusiwa kuhimiza upatanishi kwenye makosa madogo kama shambulio la kawaida, lakini hili la kwenu haliingii huko kirahisi. Kumwendea shahidi usiku mkiwa kundi kunaweza kutafsiriwa kama kumtisha, na dhamana ikafutwa. Mkienda, iwe mchana, mkiwa na mjumbe au mzee anayeheshimiwa na pande zote, na msisaini karatasi yoyote inayosema "tunaomba radhi kwa wizi wa ndugu yetu". Karatasi hiyo inaweza kutua kwenye jalada.

Na ikitokea upande wa mashtaka ukaiondoa kesi, uliza imeondolewa hatua gani. Ikiwa ni kabla hajaitwa kujitetea, ameachiwa tu na anaweza kushtakiwa tena. Ikiwa ni baada ya kuitwa, ameachiwa huru na shtaka hilo limekwisha. Chukua nakala ya amri hiyo kwa karani, na uulize siku hiyohiyo simu yake itarudishwaje, maana kielelezo hakitoki polisi bila amri inayokitaja.